Uzi wa chumvi ya tangi la matumbawe: angalia alkaliniti kwanza, jina la ndoo baadaye

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Nimeona hili swala la chumvi lipate uzi wake manake kwenye mada za samaki wa maji chumvi linaibuka kila mara alafu linajibiwa kwa jina la kampuni tu, mtu anauliza nitumie chumvi gani anaambiwa nunua ndoo fulani basi, hakuna anayemuuliza tangi lako lita ngapi, ndani una matumbawe gani, alkaliniti yako (kiasi cha kaboneti na baikaboneti kwenye maji) unaiweka wapi. Mimi niko Arusha, bahari iko mbali, kila tone la maji chumvi kwenye tangi langu nalikoroga mwenyewe, na hii kitu naipenda kweli kwa hiyo mnivumilie nitaandika kirefu.

Tuanzie baharini kwenyewe kwasababu ndo kipimo chetu. Kuna meli ya Waingereza inaitwa Challenger ilizunguka dunia kuanzia 1872 mpaka 1876 ikichota maji bahari mbalimbali, alafu mkemia William Dittmar akayapima maji ya chupa 77 na kuchapisha majibu 1884. Alichothibitisha ni kwamba maji yanaweza kuwa na chumvi nyingi au kidogo kulingana na mahali, ila uwiano wa yale madini makubwa kati yao haubadiliki, ukijua kloridi unajua na sodiamu, magnesiamu, kalsiamu na potasiamu. Ndo maana leo kiwanda kinaweza kukutengenezea bahari kwenye ndoo. Kwenye chumvi ya 35 kwa elfu, yaani gramu 35 kwenye kilo moja ya maji, kalsiamu inakaa kama 410 hadi 420 ppm (sehemu kwa milioni), magnesiamu karibu 1300, potasiamu karibu 400, na alkaliniti kama dKH 7, dKH ndo kipimo chake.

Sasa ukizipima chumvi za dukani utakuta kwenye sodiamu na kloridi zinafanana sana, hapo hakuna cha kugombania. Zinapoachana ni alkaliniti, kiasi fulani na kalsiamu. Chumvi ya kampuni ya Red Sea ya ndoo ya bluu inakuja na alkaliniti kama 8, ile ya ndoo nyeusi inayoitwa Coral Pro inaenda 12 hivi. Tropic Marin Pro Reef ya Wajerumani iko chini, kwenye 7 au 8. Instant Ocean, hii ya Wamarekani iliyoanzia Ohio miaka ya 1960, wengi wanaipima 10 hadi 11, na ndugu yake Reef Crystals inapanda zaidi ya hapo. Kuna Aquaforest ya Poland, kuna Fritz ya Texas, zote nzuri. Namba zinacheza kidogo kati ya ndoo na ndoo kwa hiyo pima yako mwenyewe usinukuu yangu.

Kwanini alkaliniti ndo ya kuangalia? Kwasababu ndo kitu tumbawe gumu linakula haraka kuliko vyote. Likijenga mifupa yake linachukua kalsiamu na kaboneti pamoja, kila alkaliniti ikishuka dKH 2.8 kalsiamu inashuka ppm 20 tu. Yaani kalsiamu una akiba ya 400 na kitu, alkaliniti una akiba ya 8, ni wapi patakauka kwanza? Na pia ndo kitu kinachoumiza haraka kikiruka. Matumbawe ya matawi kama Acropora kwenye tangi lenye maji masafi sana, naitrati na fosfeti ziko chini, ukimpandishia alkaliniti mpaka 11 au 12 kwa mara moja ncha zake zinaungua, zinakuwa nyeupe, nyama inaondoka kuanzia juu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Amua kwanza tangi lako unaliendesha alkaliniti ngapi, alafu tafuta chumvi ambayo ikikorogwa mpaka 35 inakupa namba hiyo hiyo au jirani yake. Ukibadilisha maji tangi lisijue kama kuna kitu kimetokea. Karibuni tuchangie.

#2 Mdau wa Dar

Mkuu umeshusha nondo. Swali langu, mimi niko Kunduchi hapa, bahari naiona. Nna haja gani ya kununua ndoo ya laki na kitu wakati maji ya bure yako mbele yangu?

#3 Mleta uzi

Huna haja kaka kama una boti au una mtu wa boti. Maji ya bahari ya Hindi ya huku kwetu yanacheza karibu na 35, ni maji mazuri. Tatizo sio bahari, tatizo ni ufukwe wa jiji. Usichote pale watu wanapooga wala karibu na mdomo wa mto, Msimbazi unabeba maji ya jiji zima. Nenda nje kabisa ya visiwa, nenda bamvua maji yakiwa yanajaa ili upate maji yanayotoka nje sio yanayotoka kwenye mikoko na mifereji. Na masika, Machi mpaka Mei, achana nayo, mvua kubwa ikinyesha chumvi ya karibu na pwani inashuka na udongo unakuja nao. Ukiyaleta nyumbani yachuje, yaweke gizani yametulia na pampu ya kuyazungusha, alafu pima chumvi na alkaliniti kabla hujayatumia. Na utajikuta kwenye alkaliniti 7 hivi, kwa hiyo tangi lako liendeshe hapo hapo 7 mpaka 8.

Ila bado weka ndoo moja ya chumvi ndani ya nyumba. Siku samaki amekufa nyuma ya mawe na amonia imepanda, usiku, bahari imechafuka, utabadilisha maji na nini?

#4 Dada wa Mombasa

Kaka shukran kwa darsa. Mimi naulizia hii chumvi yetu ya Gongoni huku juu ya Malindi. Inatoka bahari hii hii, jua limekausha maji ikabaki chumvi, mfuko mzima bei yake ni kama soda chache. Nikiitia kwa maji safi si inarudi kuwa bahari?

#5 Mleta uzi

Dada swali lako ndo nililokuwa nalisubiri, na jibu ni hapana, hairudi, na sababu yake ni nzuri kuijua.

Maji ya bahari yakikaukia kwenye mashamba ya chumvi madini hayatoki yote kwa pamoja, kila moja lina zamu yake. Yakibaki kama nusu inaanza kuganda chokaa, ile kaboneti ya kalsiamu. Yakibaki kama sehemu moja ya tano inaganda jasi, kalsiamu nyingine nyingi inaondoka hapo. Yakifika kama sehemu moja ya kumi ndo chumvi ya kula inaanza kuganda, na mwenye shamba ameshayahamisha maji kutoka bwawa hadi bwawa makusudi ili chokaa na jasi vibaki nyuma. Alafu akishaivuna chumvi, yale maji machungu yanayobaki anayamwaga, na humo ndo ilimobaki magnesiamu na potasiamu yako. Kwa hiyo ile chumvi nyeupe safi imeshaachwa na kalsiamu upande mmoja na magnesiamu upande wa pili, umebaki na sodiamu kloridi karibu tupu. Na jinsi mvunaji anavyoifanya kazi yake vizuri ndivyo inavyozidi kukufaa jikoni na kutokufaa tangini. Iwe ya Gongoni, Bagamoyo, Lindi, Pemba, hata ile ya Uvinza kule Kigoma inayotoka kwenye chemchemi, ni hivo hivo. Ile ya dukani tena imeongezwa madini joto na dawa ya kuizuia isigande.

Samaki peke yake anaweza kusogea nayo siku chache akiwa na shida. Tumbawe halijengi mfupa kwa sodiamu.

#6 Dada wa Mombasa

Nimekuelewa vizuri. Nilikuwa karibu kununua gunia.

#7 Mdau wa Minnesota

Wakuu nawasoma toka huku kwenye barafu. Mimi nna tangi la galoni 55, lita 200 na kitu, nna klaunfishi wawili, matumbawe laini mengi, na LPS (matumbawe magumu yenye polipu kubwa) wachache. Natumia Instant Ocean ya kawaida kwasababu ndo bei rahisi huku. Jamaa dukani ananiambia nihamie Reef Crystals eti matumbawe yatakua haraka. Nihame?

#8 Mleta uzi

Tupige hesabu mkuu. Una lita 200, unabadilisha asilimia kumi kwa wiki, lita 20. Tuseme tangi liko 8 na maji mapya yako 12. Ukiyaingiza tangi linakuwa 8.4. Hiyo nne ya nyuma ya nukta ndo zawadi yote uliyoilipia. Sasa tangi lililojaa SPS (matumbawe magumu yenye polipu ndogo, kama Acropora) linaweza kula dKH 1 kwa siku moja au zaidi, hiyo 0.4 haivuki hata chakula cha mchana. Na tangi lako la matumbawe laini halili kiasi cha kuihitaji. Kwa hiyo kwa mwenye matumbawe mengi magumu chumvi ya alkaliniti kubwa haitoshi, kwa mwenye machache haihitajiki.

Anayelisha tangi la SPS ni kile unachodondoshea kila siku, kalsiamu na alkaliniti kwa pampu ndogo za dozi, au kalkiwasa (maji ya chokaa), au riakta ya kalsiamu (chombo kinachoyeyusha mawe ya kalsiamu). Chumvi kazi yake ni kurudisha vile vidogo vidogo na kuweka uwiano sawa.

Baki na hiyo hiyo. Instant Ocean kwa tangi kama lako ni chaguo la mtu mwenye akili zake, hela inayobaki nunua kipimo kizuri cha alkaliniti.

#9 Mdau wa Nairobi

Hapo nakataa kidogo boss. Mimi nna tangi dogo la lita 40, sidondoshei kitu, nabadilisha robo ya maji kila wiki na natumia Coral Pro ya ndoo nyeusi. Matumbawe yangu ya LPS yanakua na ncha haziungui. Hizo hesabu zako ni za tangi kubwa.

#10 Mleta uzi

Na uko sahihi kabisa mkuu, na nashukuru umelisema. Tangi dogo lenye matumbawe ya wastani ukibadilisha robo ya maji kila wiki hesabu inageuka, ukitoka 8 na maji mapya yako 12 unapanda hadi 9, wiki nzima wanakula mpaka 8 tena unarudia. Hapo chumvi ndo dozi yako na ile ndoo nyeusi iko mahali pake. LPS pia wanavumilia huo mzunguko kuliko Acropora. Kwa hiyo niiweke vizuri: chumvi ya alkaliniti kubwa inamfaa anayebadilisha maji mengi na hadondoshei. Anayedondoshea achukue ya chini inayolingana na tangi lake.

Ila Coral Pro usiikoroge ukaiacha pampu usiku kucha, kampuni yenyewe inataka uitumie ndani ya masaa machache. Alkaliniti ikiwa juu na kalsiamu iko juu, kuiacha inazunguka zunguka inaanza kuganda, unakuta ukungu mweupe kwenye kuta za pipa na ganda kwenye hita, hiyo ndo alkaliniti uliyoilipia inaishia kwenye plastiki.

#11 Mdau wa Moshi

Mkuu swali la kizushi, kama shida ni alkaliniti si tunaweka magadi tu? Huku yamejaa.

#12 Mleta uzi

Usiweke mkuu, tafadhali. Magadi ya ziwa Natron na yale ya ziwa Magadi Kenya kweli ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, kwa maana ya alkaliniti ungepata, lakini yanakuja na floraidi nyingi sana na uchafu mwingine ambao hujui kiasi chake. Maji ya bahari yana floraidi kama 1.3 ppm tu na sisi wa huku Arusha na Moshi tunaijua floraidi kwenye meno ya watoto wetu, hatuhitaji kuiongeza.

Tumia bekingi soda safi ya kupikia. Soda, sio bekingi pauda, pauda ina asidi na wanga ndani. Gramu 3 kwenye lita 100 za maji ya tangi zinapandisha karibu dKH 1. Iyeyushe kwanza kwenye maji safi, mimina taratibu sehemu yenye mkondo mkali, na usivuke dKH 1 kwa siku. Hii ndo inanifanya nisiogope chumvi ya alkaliniti ndogo, kupandisha ni bei ya chai, kushusha ni kusubiri.

#13 Mdau wa Dodoma

Maji ya kukorogea je? Nimeona mtu anatumia ya bomba moja kwa moja, mwingine maji ya betri.

#14 Mleta uzi

Mashine ya RO (inayosukuma maji kupita kwenye utando wa kuchuja) yenye resini ya DI mwishoni (inayonasa madini yaliyobaki), mita ya TDS, ile inayopima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, isome sifuri. Hapa pesa yako inafanya kazi kuliko kwenye jina la chumvi. Chumvi imepigiwa hesabu kwamba unaianzia kwenye maji matupu, ukianza na maji ya kisima ya huku kwetu yenye madini yake na floraidi zake, namba zote za kwenye ndoo zimeshaharibika kabla hujafungua mfuniko. Ndugu zetu wa Marekani nao, miji mingi inatibu maji kwa kloramini ambayo haipotei kwa kuyaacha wazi kama klorini, kwa hiyo hakikisha kabla ya RO una chujio la mkaa linalofaa kwa kloramini. Maji ya betri yale yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke yanafaa kwa shida, ila sheli wanaweka rafu moja na yale ya tindikali, kwa hiyo soma chupa na uipime kabla.

Na nieleze kukoroga manake hapa ndo watu wanailaumu chumvi bure. Maji kwanza, chumvi baadaye, kidogo kidogo, pampu ikiwa inazunguka. Ukitanguliza chumvi alafu ukamwagia maji, pale chini kwa muda kuna uji mzito ambao kalsiamu na kaboneti zinakutana zikiwa nyingi zinaganda, na zikiganda hazirudi. Kwa lita 20 utatumia kama gramu 750, sio 700, kwasababu baadhi ya chumvi zile zina maji yake ndani ya punje. Ndoo ya kilo 22 basi inakupa karibu lita 600. Kabla ya kuchota ibiringishe ndoo, au ukoroge vumbi lenyewe, punje nzito zinashuka chini njiani kwenye malori huko, nusu ya juu na nusu ya chini zinaweza kukupa alkaliniti mbili tofauti. Na funga mfuniko kweli kweli, hasa nyinyi wa pwani, ule unyevu ukiingia chumvi inakuwa mawe na alkaliniti inaliwa humo humo ndani ya ndoo.

#15 Mdau wa Dar

Na kifaa cha kupimia chumvi? Nna ile haidromita ya sindano ya plastiki.

#16 Mleta uzi

Ile sindano ikishikwa na povu moja la hewa inakudanganya, weka pembeni. Chukua refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, na usiisetie kwa maji safi kwenye sifuri, isetie pale pale unapopimia, yaani 35. Ukikosa kimiminika cha kusetia kitengeneze: gramu 36.5 za chumvi ya kawaida kavu kwenye gramu 963.5 za maji ya RO, kwa mizani ya jikoni ya dijitali. Hayo maji ya chumvi tupu yanapinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35, kwa hiyo weka tone, funga kioo, subiri lipoe, zungusha skrubu mpaka mstari wa bluu ukae kwenye 35, au 1.0264 kwa wanaosoma uzito wa maji chumvi ukilinganishwa na maji safi. Hapa dada wa Mombasa chumvi ya Gongoni inapata kazi.

Hii ni muhimu kwenye kuchagua chumvi pia, manake ukilinganisha ndoo mbili, moja umeikoroga 33 nyingine 36 bila kujua, utasema hii ina kalsiamu kubwa kumbe umeizidisha tu.

#17 Mdau wa Zanzibar

Niongeze moja wakuu, chumvi sawa, lakini tumbawe lenyewe lisitoke baharini kwetu kiholela. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Tanzania Bara kuna sheria ya hifadhi za bahari ya 1994, na miamba yetu imepigwa mabomu vya kutosha. Nunueni vipande vilivyokuzwa kwenye matangi.

#18 Mleta uzi

Naunga mkono mia kwa mia, na vipande vya tangi vinazoea tangi upesi kuliko vya kung'oa.

#19 Mdau wa Nairobi

La mwisho boss. Duka langu limeishiwa ile nyeusi, ipo ya bluu tu. Nikihama ghafla kuna shida?

#20 Mleta uzi

Ya kampuni ile ile au nyingine sio neno, angalia namba. Unatoka 12 unaenda 8, na tangi lako limezoea kuongezewa kila wiki. Koroga pipa la kwanza la bluu, pima alkaliniti, alafu lipandishe kwa bekingi soda hadi 11, gramu 9 kwa lita 100, kwa hiyo kwenye lita zako 10 ni gramu 0.9, tumia mizani ya vito. Wiki inayofuata 10, inayofuata 9, huku unapima tangi kila siku mbili. Ukiona tangi linashuka chini ya 7.5 kabla ya siku ya kubadilisha maji, basi anza dozi ndogo ya soda kila siku moja kwa moja tangini, na kalsiamu uipime mara moja kwa wiki mbili. Tupe mrejesho hapa hapa na namba zako, andika na lita na chumvi uliyotumia ili wa nyuma yako apate pa kulinganisha.